Maswali ya Wasomaji: Utumishi wa raia katika Wizara ya Ulinzi

Barua tulizochagua kwa toleo hili zinahusu kundi la watumishi ambalo halizungumzwi sana, yaani raia walioajiriwa katika Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa: wahasibu, maafisa ugavi, maafisa utumishi, wanasheria, wapima ardhi, wachumi, watunza kumbukumbu, madereva na wengineo wanaofanya kazi miongoni mwa wanajeshi bila wao wenyewe kuwa wanajeshi. Barua tumezifupisha, na majina ya walioziandika tumeyaacha kwa sababu ambazo msomaji ataziona mwenyewe.

SWALI: Shikamoo Mzee. Nina shahada ya ununuzi na ugavi. Nilifaulu usaili wa Sekretarieti ya Ajira, nikakaa kwenye kanzidata kwa muda, na sasa nimepangiwa Wizara ya Ulinzi. Nyumbani wamefurahi, ila marafiki wananitisha. Wanasema raia kule hana sauti kwa kuwa kila bosi ni afande, kwamba nikikosea nitashtakiwa katika mahakama ya kijeshi, na kwamba nikishaingia sitatoka tena kwa sababu ya siri nitakazokuwa nimeziona. Je, niripoti, au niombe kubadilishiwa kituo? Na nikiripoti, nitapanda cheo kweli? (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Marahaba, mwanangu, na hongera. Ripoti, tena ndani ya muda ulioandikwa kwenye barua yako, kwa kuwa asiyeripoti hupoteza nafasi na wanaoisubiri ni wengi.

Hofu ya mahakama ya kijeshi iondoe kwanza. Ajira yako inatawaliwa na Sheria ya Utumishi wa Umma, Sura ya 298, pamoja na kanuni zake na Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma, sawasawa na mwenzako aliyepangiwa Wizara ya Kilimo. Mwanajeshi anatawaliwa na Sheria ya Ulinzi wa Taifa, Sura ya 192, ambayo ndiyo inayoweka vyeo vyake, nidhamu yake na mahakama zake. Ukichelewa kazini utaandikiwa barua ya kujieleza. Ukiharibu zaidi utafunguliwa mashauri ya nidhamu ya kiraia na utakuwa na haki ya kukata rufaa. Raia anayefuatana na kikosi kilicho kwenye operesheni hukutana na masharti ya pekee, lakini hilo halimhusu afisa ugavi anayekaa makao makuu ya wizara, na likitokea utaelezwa kwa maandishi kabla ya kusafiri.

Suala la sauti linahitaji maelezo marefu kidogo, maana hapo ndipo marafiki zako walipopotoka zaidi. Bajeti ya ulinzi wa nchi yetu hupita Bungeni katika mafungu matatu: Fungu 38 la Ngome, yaani jeshi lenyewe, Fungu 39 la Jeshi la Kujenga Taifa, na Fungu 57 la Wizara yenyewe. Katika fungu hilo la mwisho anakaa Katibu Mkuu, ambaye ni mtendaji mkuu wa wizara na afisa masuuli, yaani mwenye kuwajibika kwa fedha zake, na ambaye ndiye anayeitwa mbele ya Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali pale Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali anapokuta hati zisizokamilika. Katibu Mkuu huyo hawezi kulijibu swali hata moja la Mkaguzi pasipo kazi ya watu kama wewe. Kanali anaweza kumwamuru kapteni apeleke kikosi mpakani kabla ya alfajiri, na kapteni atakwenda. Lakini hawezi kuamuru mkataba wa buti uwe umetangazwa wakati haukutangazwa, wala kuamuru stakabadhi iwepo wakati haipo. Pale ambapo amri inafika mwisho wake na sheria ya fedha inaanza, raia ndiye anayesimama, na kusimama huko kunadai ujasiri wa aina yake kwa sababu hakuna anayekupigia saluti ukifanya vizuri.

Kazi ya ununuzi katika ulinzi ni pana kuliko unavyodhani. Watu wakisikia Wizara ya Ulinzi hufikiria bunduki na ndege, kumbe sehemu kubwa ya kinachonunuliwa ni unga, maharage, mafuta, matairi, dawa za hospitali za jeshi, mabati, vitambaa vya sare na vipuri vya malori. Sheria ya ununuzi wa umma inavitambua vitu vya aina mbili katika vyombo vya ulinzi na usalama, vile vinavyonunuliwa kwa ushindani wa wazi kama katika taasisi nyingine yoyote, na vile ambavyo kutangazwa kwake kungemwelewesha adui mambo asiyopaswa kuyajua. Kishawishi utakachokutana nacho, na utakutana nacho mapema, ni cha mtu kutaka kukivusha kitu cha kawaida kutoka orodha ya kwanza kwenda ya pili ili kuukwepa ushindani. Mhuri wa siri juu ya zabuni ya maharage ni dalili mbaya. Ukiuona, andika dokezo, eleza kwa adabu kwa nini unadhani bidhaa hiyo ni ya orodha ya wazi, na umpelekee mkuu wa kitengo chako. Usibishane kwa mdomo kwenye korido. Kinachobaki ni kilichomo ndani ya jalada.

Kuhusu kuishi na maafande, jifunze vyeo vyote kutoka koplo hadi jenerali katika wiki zako za kwanza, na umwite kila mtu kwa cheo chake. Usipige saluti, maana saluti ni ya wenye sare, na usijaribu kuongea wala kutembea kama wao. Raia anayeigiza uaskari huwachekesha askari na kuwachosha raia wenzake. Wanajeshi wengi ni watu wepesi sana wa kufanya nao kazi endapo utawapa jibu lililo wazi kwa wakati uliosema, hata likiwa la kukataa. Kinachowaudhi ni «njoo kesho». Jambo jingine ambalo wageni huchelewa kulielewa ni kwamba afisa wa jeshi aliyeko dawatini huhamishwa kila baada ya muda kwenda kikosini, chuoni au kwenye ulinzi wa amani nje ya nchi, lakini wewe unabaki. Baada ya miaka michache utakuwa ndiye pekee chumbani anayekumbuka kwa nini mkataba fulani ulivunjwa na jalada lake liko wapi, na wakubwa wataanza kukutafuta kwa sababu hiyo hata kama cheo chako bado ni kidogo.

Sasa kupanda. Utaanza na miezi 12 ya majaribio, kisha utathibitishwa kazini. Mwenye shahada huanza kwa kawaida kama afisa wa Daraja la II katika ngazi ya mshahara ya TGS D, halafu hupanda kwa kufuata Muundo wa Maendeleo ya Utumishi wa kada yake hadi Daraja la I, Mwandamizi na Mkuu, na kila hatua hudai angalau miaka mitatu ya kazi, tathmini nzuri katika mfumo wa PEPMIS, na kuwepo kwa nafasi katika ikama, yaani idadi ya watumishi iliyoidhinishwa, pamoja na fedha zake. Sharti hilo la mwisho ndilo linalowaliza wengi, na halina uhusiano wowote na jeshi; mwalimu wa Sumbawanga analijua vilevile. Kwa kada yako, kuna sharti jingine lisilosubiri: usajili na mitihani ya Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi. Imalize ungali kijana, kabla hujaanza kulipa ada za watoto.

Nisikufiche kwamba baadhi ya meza zitabaki za wanajeshi hata ukae miaka 30, kwa sababu kupanga matumizi ya vikosi ni taaluma yao, nao wameisomea katika vyuo vya kijeshi vya Monduli na Duluti. Lakini zipo idara zinazoongozwa na raia, na upo mlango ambao watumishi wengi hawaujui, yaani Chuo cha Taifa cha Ulinzi pale Kunduchi, kilichofunguliwa mwaka 2012, ambako maafisa wa ngazi ya juu wa majeshi na watumishi waandamizi wa Serikali husoma pamoja mikakati na usalama. Raia aliyepita pale hurudi akiwa na lugha moja na majenerali, na hilo ni bora kuliko kujuana nao.

Mwisho, siri. Utafanyiwa upekuzi, yaani kuchunguzwa mwenendo wako, utakula kiapo, na utasaini kwamba umeelewa Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970, ambayo adhabu zake kwa anayetoa nyaraka za siri kwa asiyestahili ni za kifungo kirefu. Kiapo hicho hakikufungi mlangoni. Unaweza kuomba uhamisho kwenda wizara au halmashauri nyingine kwa utaratibu uleule wanaoutumia watumishi wote. Kinachobaki nawe baada ya kuhama, na hata baada ya kustaafu, ni wajibu wa kunyamaza juu ya uliyoyaona. Katika maisha ya kila siku maana yake ni kwamba hutapiga picha dirishani mwa ofisi, hutatuma nyaraka kwa WhatsApp eti kwa sababu bosi yuko safarini, na hutamweleza mchumba wako ni malori mangapi yameletwa wiki hii.

SWALI: Mimi ni mtunza kumbukumbu, nina miaka 53, na nimefanya kazi na wanajeshi tangu niajiriwe miaka ya tisini. Wenzangu wenye sare waliokuwa vijana pamoja nami wameshastaafu, tena kwa utaratibu ambao haufanani na wangu. Mimi naambiwa habari za kikokotoo. Kwa nini tuliokunywa chai meza moja tuwe na pensheni mbili tofauti, na ninachotarajia mimi ni nini hasa? (Dada mmoja, Morogoro)

JIBU: Dada yangu, tofauti hiyo inatokana na mikataba miwili ya kazi isiyofanana. Mwanajeshi hufunga umri wake wa kustaafu na cheo chake, ndiyo maana sajini huondoka akiwa bado na nguvu na jenerali hubaki. Hachangii mfuko wa hifadhi ya jamii kama wewe, na pensheni yake hulipwa na Hazina chini ya kanuni za jeshi. Kwa upande wa pili, anaweza kuitwa usiku akafie mbali, kama ilivyotokea Darfur na mashariki ya Kongo, na hana haki ya kusema kwamba amechoka. Wewe hukuliweka shingo lako rehani kwa namna hiyo, na kwa hiyo sheria ilikuweka na watumishi wengine wote katika PSSSF, mfuko ulioundwa mwaka 2018 kwa kuunganisha PSPF, LAPF, PPF na GEPF. Unachangia asilimia 5 ya mshahara wako na mwajiri anachangia asilimia 15.

Unaweza kustaafu kwa hiari ukifikisha miaka 55 na utastaafu kwa lazima ukifikisha 60, almuradi umechangia si chini ya miezi 180. Kanuni mpya ya kukokotoa pensheni, ndicho hicho kikokotoo, ilianza Julai 2022 kwa mkupuo, yaani malipo ya mara moja unapostaafu, wa asilimia 33, ikalalamikiwa sana, na katika bajeti ya Juni 2024 Serikali ilitangaza kupandisha mkupuo hadi asilimia 40 kwa wale ambao chini ya mifuko yao ya zamani walikuwa wakipata asilimia 50. Ikiwa uliajiriwa Serikali Kuu miaka ya tisini na ukawa PSPF, wewe ni wa kundi hilo.

Tuchukue mfano. Mtumishi aliyechangia miezi 360, ambaye wastani wa mshahara wake wa mwaka kwa miaka mitatu bora ni shilingi 18,000,000, yaani milioni moja na nusu kwa mwezi, atagawa 360 kwa 580, ambayo ni namba ya kanuni hiyo, na kuzidisha kwa hiyo 18,000,000, apate pensheni kamili ya mwaka ya takriban shilingi 11,172,000. Mkupuo ni asilimia 40 ya kiasi hicho ikizidishwa kwa 12.5, nayo ni namba ya kanuni, sawa na takriban shilingi 55,860,000. Asilimia 60 inayobaki hugawanywa kwa miezi 12, na humpa takriban shilingi 558,600 kila mwezi maisha yake yote. Weka namba zako, uone.

Kwa kuwa wewe ni mtunza kumbukumbu, nitakuuliza swali ambalo wenye kada yako husahau kujiuliza: je, jalada lako binafsi limekamilika? Barua ya ajira, ya kuthibitishwa, za kupandishwa vyeo, pamoja na taarifa za michango ya kila mwaka, zote uwe na nakala zake nyumbani. Pensheni nyingi huchelewa kwa ajili ya folio moja iliyopotea katika masijala ambayo marehemu fulani aliisimamia. Michango ya miezi isiyoonekana kwenye taarifa yako ifuatilie sasa, ukiwa na miaka 53, wakati mhasibu aliyeilipa bado anapatikana kwa simu.

SWALI: Nafundisha historia katika sekondari. Wanafunzi wangu wananiuliza kama kuna raia, mtumishi wa kawaida asiyekuwa waziri wala mwanasiasa, aliyewahi kuuathiri ulinzi wa nchi yake, au kazi yao ni kuhamisha majalada tu. Nilikosa mfano. (Mwalimu, Tanga)

JIBU: Mwalimu, mfano ninaoupenda ni wa Uingereza, kwa sababu kule maisha ya watumishi wa aina hii yameandikwa na yanasomeka. Michael Quinlan alizaliwa mwaka 1930, akasomea lugha na fasihi za kale za Ugiriki na Roma katika Chuo Kikuu cha Oxford, na baada ya kulitumikia jeshi la anga kwa mujibu wa sheria kama vijana wote wa rika lake, aliajiriwa mwaka 1954 kama mtumishi raia katika Wizara ya Anga. Mwaka 1964 wizara hiyo iliunganishwa na zile za jeshi la majini na la nchi kavu kuwa Wizara moja ya Ulinzi. Alipitia ofisi ya Mkuu wa Jeshi la Anga akiwa katibu wake, akapelekwa kwenye ujumbe wa nchi yake NATO mwanzoni mwa miaka ya sabini, na kuanzia 1977 hadi 1981 alikuwa afisa mwandamizi wa sera wizarani. Huo ndio wakati Uingereza ilipoamua, mwaka 1980, kununua makombora ya Trident ya Marekani, ya kubebea mabomu ya nyuklia, kwa ajili ya nyambizi zake, na hoja za uamuzi huo kwa sehemu kubwa zilipita chini ya kalamu yake.

Quinlan alikuwa Mkatoliki mwenye imani thabiti, na alitumia miaka mingi akijadiliana kwa maandishi na maaskofu, majenerali na wapinzani wa silaha za nyuklia juu ya swali la kama nchi inaweza kumiliki silaha ya kuangamiza miji na bado ikasema ina dhamiri. Unaweza kulikataa jibu lake. Mimi mwenyewe silikubali lote. Lakini huwezi kusema kwamba mtu huyo alikuwa akihamisha majalada. Halafu angalia njia aliyopita: mwaka 1981 aliondolewa ulinzi akapelekwa Hazina, kuanzia 1983 akawa Katibu Mkuu wa Wizara ya Ajira, na mwaka 1988 tu ndipo aliporudi Wizara ya Ulinzi akiwa Katibu Mkuu, hadi alipostaafu mwaka 1992. Miaka ile ya nje ilimpa kitu ambacho aliyekaa ulinzi peke yake hukikosa, yaani kujua jinsi ombi la mabilioni linavyosomeka mbele ya macho ya anayeshika mfuko.

Kwa hapa nyumbani waambie wanafunzi wako waliangalie upya tukio la Januari 1964. Tarehe 20 ya mwezi ule askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, ile ambayo leo ni Lugalo, na madai yao makubwa yalikuwa mawili: nyongeza ya mshahara, na kuondolewa kwa maafisa wa Kiingereza ili Waafrika wapandishwe. Uasi ulizimwa siku 5 baadaye na wanajeshi wa Uingereza walioombwa na Mwalimu Nyerere, jeshi lile likavunjwa, na tarehe 1 Septemba mwaka huohuo Jeshi la Wananchi likazaliwa likiwa na Mrisho Sarakikya kama mkuu wake wa kwanza. Vitabu vya shule hulieleza jambo hilo kama habari ya siasa na bunduki. Lakini mshahara na upandishwaji vyeo ni mambo yanayoanzia katika karatasi, kwenye meza za watu wanaohesabu, wanaoshauri na wanaoonya kwamba ahadi fulani imechelewa, na nchi changa iliyokuwa na watumishi wachache wa kuifanya kazi hiyo ililipa gharama kubwa. Hali kadhalika, mafunzo ya JKT kwa mujibu wa sheria yaliposimamishwa mwaka 1994 hayakusimamishwa na adui, yalisimamishwa na uhaba wa fedha, na hayakurejea hadi mwaka 2013. Miaka 19 ya vijana wasiopita kambini iliamuliwa na safu za tarakimu ambazo mtu fulani, asiyejulikana jina, alizipanga.

Ukihitaji mfano wa karibu zaidi na maisha ya watu, wakumbushe milipuko ya maghala ya mabomu ya Mbagala, tarehe 29 Aprili 2009, na Gongo la Mboto, tarehe 16 Februari 2011. Wanajeshi walizikusanya na kuziteketeza risasi na mabomu yaliyotapakaa. Lakini kupita nyumba kwa nyumba, kuzitathmini zilizobomoka, kuthibitisha nani mwenye nyumba na nani mpangaji, na kuandaa hati za malipo, hiyo ni kazi ya wathamini, wahasibu na wanasheria.

SWALI: Usichapishe mji wangu. Katika majalada yanayopita mezani kwangu nimeona jambo ambalo kwa maoni yangu ni wizi unaojificha nyuma ya neno «siri». Kuna siku nafikiria kulipeleka kwa mwandishi wa habari au mbunge. Nifanye nini? (Mtumishi)

JIBU: Ndugu yangu, kwa sasa usilipeleke kwa mwandishi, wala usiondoe karatasi hata moja ofisini, wala usiipige picha.

Kisa cha Clive Ponting kitakusaidia kuona uzito wa jambo unalolifikiria. Alikuwa mtumishi raia katika Wizara ya Ulinzi ya Uingereza, tena aliyesifiwa, aliyepewa nishani mwaka 1980 baada ya kuandika ripoti ya kupunguza ubadhirifu. Mwaka 1984 alipangiwa kuandaa majibu ya Serikali kuhusu kuzamishwa kwa meli ya kivita ya Argentina, General Belgrano, tarehe 2 Mei 1982, ambako watu 323 walikufa. Aliona kwamba Bunge lilikuwa likipewa maelezo yasiyo ya kweli, akatuma nyaraka mbili kwa mbunge Tam Dalyell. Alishtakiwa chini ya Sheria ya Siri za Serikali ya 1911. Jaji aliwaeleza wazee wa baraza, ambao kule ndio wanaoamua kama mtu ana hatia, kwamba maslahi ya dola ni yale ambayo Serikali iliyopo madarakani inasema ndiyo. Wao, Februari 1985, walimwachia huru hata hivyo. Watu hukomea hapo wanapokisimulia kisa hiki, na kwa hiyo hukisimulia vibaya. Ponting aliacha kazi baada ya kesi, na mwaka 1989 Bunge lilipitisha sheria mpya iliyoifunga njia ya kujitetea kwa hoja ya maslahi ya umma. Aliyekuja baada yake aliikuta ngao ile haipo.

Wewe huna baraza la aina hiyo la kukuokoa, na Sheria ya Usalama wa Taifa haiulizi kwanza nia yako ilikuwa nini. Unazo njia nyingine, nazo si za kujionyesha tu. Ya kwanza ni dokezo kwa mkuu wako, fupi, lenye tarehe na namba za jalada, lisilo na neno «wizi». Eleza kinachopungua kwenye nyaraka na uulize lini kitakamilishwa. Mara nyingi sana kinachoonekana wizi ni uzembe, na swali lililoandikwa huumaliza. Pale ambapo si uzembe, swali lililoandikwa huwafanya wahusika wajue kwamba limeandikwa. Ya pili ni mkaguzi wa ndani wa wizara, ambaye kazi yake ndiyo hiyo na ambaye ana haki ya kuliona jalada bila wewe kulitoa mahali lilipo. Ya tatu ni ofisi ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu, ambayo hukagua mafungu ya ulinzi kila mwaka. Wakaguzi wanapokuja na kukuuliza, wajibu kweli na kwa ukamilifu, maana kuwajibu wao si kuvunja kiapo. Ya nne ni TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa. Sheria ya Ulinzi wa Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015 inamlinda anayetoa taarifa kwa mamlaka husika. Haikuandikwa kwa ajili ya anayezitawanya mitandaoni. Kabla ya hatua ya nne tafuta wakili wako mwenyewe, na umweleze aina ya jambo bila kumwonyesha nyaraka.

Najua utasema kwamba mkuu wako ndiye mhusika. Basi ruka hatua ya kwanza, uanze na ya pili. Ila usikae kimya ukisaini hati unazozitilia shaka, kwa sababu ukaguzi ukifika hautauliza nani alijua. Utauliza sahihi hii ni ya nani.

SWALI: Je, huku Kenya raia walio katika Wizara ya Ulinzi wana hali hiyohiyo? Na mtumishi wa huko kwenu anaweza kuwa mwanachama wa chama cha siasa? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Msingi ni uleule. Katiba ya Kenya ya 2010, katika ibara ya 239, inasema wazi kwamba vyombo vya usalama wa taifa viko chini ya mamlaka ya kiraia, na ibara ya 241 inamweka Katibu wa Wizara katika Baraza la Ulinzi pamoja na Waziri, Mkuu wa Majeshi na makamanda wa nchi kavu, anga na majini. Kwa hiyo kiti cha mtumishi kimo ndani ya Katiba yenyewe, jambo ambalo watumishi wa Ulinzi House, makao makuu ya wizara hiyo Nairobi, wanaweza kulitaja bila kuona haya. Kuhusu chama, Katiba ya Tanzania katika ibara ya 147 inamkataza mwanajeshi kujiunga na chama chochote, ingawa haimnyimi kura yake. Mtumishi raia wa wizara hakatazwi kuwa na kadi ya chama, lakini hatakiwi kufanya siasa saa za kazi wala mahali pa kazi, na akitaka ubunge kuna taratibu za utumishi za kuzifuata kabla hajachukua fomu. Fulana ya kampeni iache nyumbani, hasa ikiwa ofisi yako iko ndani ya uzio wa kambi.